Namba Tatu ya Akiba

Benchi la nje, Ofisi ya Usajili,
Chuo cha Uuguzi.
Jumatano, 4 Septemba, saa mbili na robo asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako la kushoto limetulia tangu uache kupanda zile ngazi za kazini. Binamu zangu hawajambo? Yule Mrefu ameacha kukua, au bado mnamnunulia suruali kila mwezi? Sisi huku hatujambo. Baba anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi la mbao karakanani, lakini ukimuuliza atakwambia ni mafua. Mama ni mzima na anakusalimu sana.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Shangazi, kwenye simu mimi husema "ndiyo, Shangazi" kabla hujamaliza sentensi. Jumamosi uliponiambia nirudie mitihani mwaka mzima, nilisema ndiyo. Uliponiambia kwamba kama sitaki kurudia basi nikasomee ukarani, nilisema ndiyo. Na uliposema utampigia mkuu wa chuo kwa kuwa mlisoma darasa moja, nilisema ndiyo na kukushukuru. Unisamehe. Majibu yangu ya kweli ni hapana, hapana, na hapana. Kwenye karatasi naweza kuyasema bila sauti kutetemeka.

Alama zangu unazijua, lakini naziandika ili usidhani nazionea haya. Biolojia B, Kiingereza B, Fizikia C, Hisabati D, Kemia D. Baba akiulizwa na majirani hutaja Biolojia, kisha hukumbuka ghafla kwamba ana kazi karakanani. Mimi nazitaja zote. Ni kweli mwalimu wetu wa Kemia alihama na hakuletwa mwingine, lakini wasichana wawili walisoma katika chumba kilekile wakapata B. Ile D ni yangu. Tangazo la chuo linasema D ya Kemia inaruhusiwa. Halikusema inapendwa, nami sikuomba kupendwa.

Tuliomba watu elfu moja na mia mbili, nafasi ni sitini. Majina yalipobandikwa, langu halikuwemo. Chini yake kulikuwa na orodha ya akiba ya watu kumi, na mimi ni namba tatu. Aliyechaguliwa akijitoa, nafasi yake inakwenda kwa akiba, kwa kufuata namba, na usajili unafungwa leo saa kumi kamili alasiri.

Akiba wameambiwa wasubiri kupigiwa simu nyumbani. Kutoka kwetu hadi hapa ni saa sita za basi. Mtu akipigiwa saa nane mchana atafika lini? Kwa hiyo Jumapili nilifunga mizigo, nikafikia kwa mama mdogo, yule mshonaji, na Jumatatu kabla ofisi haijafunguliwa nilikuwa nimekaa hapa.

Karani wa usajili hakufurahi.

"Binti, akiba husubiri nyumbani."

"Tangazo linasema tusubiri, mzee. Halikutaja kiti."

"Hilo benchi ni la wageni."

"Nami bado ni mgeni."

Alinitazama kama anayesoma maandishi madogo, akafunga dirisha. Jana akaniuliza kama nimeajiriwa kulinda benchi. Mama anayefagia ukumbi, yeye ameshanizoea. Akifika huniambia, "Mwenye nyumba, inua miguu."

Uliniuliza usaili ulikwendaje, nikakukwepa. Walimkalisha mzee mmoja kwenye kiti, bawabu wao aliyestaafu, na kila mmoja wetu alitakiwa kuhesabu pumzi zake kwa dakika nzima na kuandika jibu. Nilikuwa nimefika katikati mzee akashikwa na kikohozi, hesabu ikanipotea. Nilianza upya, nikaambiwa muda umekwisha. Niliandika: "Sikupata. Alikohoa, nikapoteza hesabu." Tulipotoka nje, karibu wote walikuwa wameandika kumi na nane, kwa sababu ndiyo namba iliyomo kitabuni. Mmoja alikiri kwamba alikuwa anaangalia viatu vya msimamizi muda wote. Walinicheka, wakasema nimejichongea mwenyewe. Huenda ni kweli. Huenda pale ndipo nilipoangukia akiba. Lakini kama angekuwa Baba kwenye kile kiti na kifua chake, nisingetaka mtu amwandikie kumi na nane ya kitabuni.

Sasa suala la kumpigia mkuu wa chuo. Namba moja wa akiba aliingia Jumatatu. Namba mbili amekaa hapa kando yangu, ananiazima mwavuli wake jua likifika upande wetu. Naye anatoka mbali kama mimi. Ukipiga simu, Shangazi, nitamruka huyu. Nimekula naye chapati moja tukigawana kwa siku mbili, siwezi kumruka. Tena nikiingia kwa simu yako, siku nitakayokosea kumfunga mgonjwa bendeji watasema, huyu si ndiye yule wa simu? Naomba wakinilaumu wanilaumu kwa bendeji tu.

Saa sita mchana.

Namba mbili ameitwa. Alisimama haraka mpaka akasahau kiatu kimoja chini ya benchi, nikamkimbilia nacho hadi dirishani. Ameniachia mwavuli. Karani amesema baada ya huyo hakuna tena nafasi, na kwamba basi la saa saba ni zuri, lina viti laini. Nimemshukuru. Bado nimekaa.

Saa kumi na moja jioni.

Shangazi, nakueleza kama ilivyokuwa.

Saa tisa na nusu alikuja msichana mmoja wa wale sitini, na baba yake, kuchukua vyeti, amepata chuo kikuu. Nilisikia kila neno, maana dirisha liko hatua tatu kutoka hapa. Walipoondoka tu nilisimama.

"Mzee, namba tatu ni mimi."

"Najua. Lakini utaratibu ni kupiga simu."

Akapiga. Simu ikaita ndani ya mkoba wangu. Nikaitafuta, nikapokea, tunatazamana.

"Unazungumza na Ofisi ya Usajili," akasema. "Unaweza kufika kabla ya saa kumi?"

"Nimefika."

"Umetumia usafiri gani?"

"Benchi."

Hapo ndipo alipocheka, mara ya kwanza kwa siku tatu, akanifungulia mlango.

Ndani nilimkuta Mwalimu wa Taaluma, muuguzi wa siku nyingi mwenye saa iliyobandikwa kifuani. Alisoma faili langu lote bila haraka. Ninaingia kwa sharti: Desemba nitafanya mtihani wa Kemia, na nikipata chini ya hamsini nafasi yangu imekwisha. Alinieleza bila ukali kwamba wenye Kemia kama yangu, wengi wao huaga chuo mwezi huo. Nikamuuliza nisaini wapi.

Kwa hiyo nimeingia, na kwa mlango mwembamba. Namba mbili amenishikia kitanda cha juu chumbani kwake. Yeye Kemia ana A, na ameshaniwekea ratiba ukutani, mpaka Jumapili.

Mkuu wa chuo nimemwona kwa mbali akivuka uwanja. Unaweza kumpigia mkakumbushana ya shuleni, lakini nakuomba usinitaje hadi Januari.

Nisalimie binamu zangu wote, Mrefu na yule mdogo anayeuma penseli, na yule jirani yako mpishi anayeniulizia kila mara. Mungu akuzidishie nguvu katika goti na katika kila kitu kingine.

Mama nimeshampigia. Nilimwambia kitanda changu ampe mdogo wangu, aache kulala na Bibi. Akaniuliza, "Mpaka Desemba?" Nikamwambia ampe tu, na godoro lake.

Wako akupendaye, ambaye safari hii hakukutii,

Sisimizi