Wanasema Mwanangu Ameua Mausi

Jumatatu, 3 Juni

Elia sasa hivi amevua soksi moja, ameitumbukiza kwenye kikombe changu cha chai, halafu akajipigia makofi. Na baridi hii! Nimemvalisha nyingine. Kumkasirikia siwezi. Akicheka na yale meno yake manne, basi.

Kazini mausi ya kompyuta imekufa tena. Mara mbili. Nilikuwa naandika barua ya mzee mmoja wa Kwai, Elia akalia mgongoni, nikamnyonyesha. Kurudi kwenye kompyuta, kamshale hakaendi. Taa ya chini ya mausi imezimika. Nikachomoa waya, nikachomeka, ikaamka. Mama Nuru alikuwa ananiangalia. Steshenari ni yake, na mimi bado ananijaribu. Jumamosi ndiyo ataamua kama ananichukua.

Jumanne, 4 Juni

Leo amesema. Mbele ya wateja.

"Mama Elia, mwanao ameitia mate hiyo mausi. Kabla hajaja hapa ilikuwa nzima."

Uongo! Elia yuko mgongoni. Akitoka mgongoni yuko kwenye titi. Ataitia mate saa ngapi? Mteja mmoja akacheka, eti mpe tu achezee, si imeshakufa. Nilitaka kumrushia stepla.

Mama Nuru anasema nikitaka kazi nije peke yangu. La sivyo kuna binti wa dada yake, yuko Mombo, hana mtoto. Elia bado ananyonya. Uji anautema. Na kazi naitaka. Mimi niliishia darasa la saba, hakuna aliyewahi kuniweka mbele ya kompyuta. Sasa naandika karibu bila kuangalia vidole.

Nimempigia fundi Hamisi wa Tanga. Yeye ndiye alitoa Windows akaweka Linux, eti ni nyepesi, maana kompyuta ni ya zamani na ilikuwa inajikokota. Sijamaliza hata kueleza. "Nunueni mausi mpya, dada." Akakata.

Jumatano, 5 Juni

Mausi mpya. Nimemnyonyesha Elia, imekufa vilevile.

Mama Nuru: "Mausi mpya, mtoto yuleyule."

Nimechomoa waya, nimechomeka. Nimeuma meno mpaka taya inauma.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemwacha Elia kwa mama mkwe. Nimeandika ratiba ya harusi kutwa nzima, wenye harusi wamenisimamia kichwani, badilisha hiki, ongeza kile. Mausi haikufa hata mara moja.

"Umeona sasa?" Mama Nuru alitabasamu.

Niliona. Maziwa yamelowesha sweta. Nimepanda mlima kwenye ukungu nalia kwa hasira. Hasira na yeye, na fundi, na hako kamashine. Hata na Elia kidogo, halafu nikajichukia kwa hilo. Nimemkuta sauti imemkauka. Uji hakugusa.

Ijumaa, 7 Juni

Sikia hii!

Nimekwenda peke yangu tena. Asubuhi akaingia bibi mmoja kutoka upande wa Kifungilo, anataka kutoa nakala. Huwezi kumsalimia mtu mzima umekaa, mkono mmoja uko kwenye mausi. Utaonekana hukulelewa. Nikasimama, nikapiga goti kidogo, shikamoo, mikono miwili. Halafu salamu za Kisambaa zenyewe: nyumbani, watoto, ng'ombe, mahindi, mguu wake, mguu wa mume wake. Hatukuwa na haraka.

Nakaa. Mausi imekufa. Na Elia hayupo!

"Imekufa!" nikapiga kelele kwa furaha.

Bibi akashika kifua. "Nani tena, mwanangu?"

Alipoondoka nikajaribu. Nikaamsha mausi, nikaweka mikono mapajani, nikaitazama tu. Taa ikazimika. Nikaamsha tena. Ikazimika tena. Inalala ikiachwa! Jana sikuiachia, ndiyo maana. Na kila nikinyonyesha naiachia. Mwanangu kosa lake ni kusikia njaa.

Nimempigia Hamisi. Nimemwambia usiniambie ninunue kitu, leo utanisikiliza mpaka mwisho. Akasikiliza. Halafu: "Aah. Dada, hiyo ni mimi."

Eti aliweka kitu cha kuokoa chaji kwa sababu umeme wa huku unakatika. Kinazima chochote kilichochomekwa kisipoguswa. Na hakusema! Siku zote hizi mtoto wa watu anaitwa mharibifu.

Akanisomea kwenye simu maneno ya kukizima, herufi moja moja. Nimefungua dirisha jeusi la kuandikia amri, kwa kibodi tu, bila mausi. Nywila ukiiandika haionekani, nikadhani na kibodi imekufa, nikamfokea. Nimekosea, nimerudia. Mwisho, penye moja nikaweka sifuri, ndiyo kukizima. Nimezima kompyuta, nimewasha.

Nikamwita Mama Nuru. Nikamwambia kaa, usiguse. Tumekaa wawili tunaitazama mausi kama tuko msibani. Taa haikuzimika. Akaenda kumhudumia mteja, akarudi. Bado inawaka.

Samahani hakusema. Alikunja kunja khanga yake. "Kesho njoo naye."

Nimepanda mlima kumchukua Elia. Hasira bado imenijaa, sijui hata niipeleke wapi.

Jumamosi, 8 Juni

Tumekwenda wote. Nimemnyonyesha Elia mezani, taratibu, nikarudi kwenye kazi ya mtu na kamshale kakaenda.

Mchana Mama Nuru alimchukua bila kuniomba. Akampeleka mlangoni aone mvua, akamfuta kamasi kwa khanga yake mwenyewe. Nikamwacha. Kwa binti wa Mombo ameshapiga simu, asije. Aliongea kwa sauti, nadhani nisikie.

Hasira haijaisha. Imepoa tu. Baba Elia amepiga kutoka Mnazi, yuko shambani, nimemwambia nimechukuliwa kazini, akacheka peke yake kwa muda mrefu.

Elia amelala hapa pembeni, mdomo wazi. Wiki ijayo nataka kujifunza zile hesabu za kwenye visanduku vya kompyuta. Mama Nuru anasema wateja wa shule wanazitaka sana, na kama nitaziweza basi ataniongezea hela.

Mama mkwe ananiita, ng'ombe amekata kamba.