Ngulube Ilianguka, Ikaamuka

Siku ya posho, tarehe 7 mwezi wa tatu
Wewe mwenye kusoma hapa, ni mimi mwenyewe, ulipotelea wapi? Tangu kupanda maharagwe haujafungua hii kaye, daftari yako. Muvivu. Hata herufi bamama ba kanisa balikufundisha zimeanza kukukimbia.
Nimemenya muhogo asubuhi. Kidogo tu. Ngulube ya pori imemaliza nusu ya shamba. Mutoto wangu Kambale anaiwinda leo, na rafiki yake Muhindo. Watapiga risasi moja tu. Hapa Kasugho mulio moja, batu banajua ni muwindaji. Mulio ya pili, kila mutu anasema ni vita, anabeba godoro anakimbia. Donc hakuna kurudilia.

Siku ya Mungu, tarehe 8
Sikuenda misa. Paja ya Kambale imepasuka. Muhindo anaapa ngulube ilianguka palepale, miguu juu, haipumui. Kambale, mwenye kupiga, akamuachia bunduki, akaenda na kamba kuifunga. Ikaamuka. Ikamukata na meno, ikaenda. Muhindo alikuwa na bunduki mukononi, hakupiga. Aliogopa kukimbiza kijiji.
Sielewi. Kitu kimekufa, kinaamuka?
Pikipiki mpaka Butembo. Nilimushika mugongo njia yote, nikimutukana asilale.

Siku ya tatu, tarehe 11
Hospitali. Uchafu umeingia ndani. Munganga anasema muguu unaweza kukatwa. Nachukia ile ngulube. Nachukia Muhindo. Hapana, Muhindo nampenda, amelia sana.
Amenieleza. Nyama ya kupigwa moyo inakimbia mbali, inafia kule. Ya kupigwa juu ya mugongo, risasi inagonga mufupa kidogo tu, inaanguka kama gunia, kisha akili inarudi. Donc yenye kukimbia ndiyo imekufa, yenye kulala ni muzima. Kichwa kinaniuma.

Siku ya tano, tarehe 20
Muguu utabaki. Munganga alisema akipita, kama mutu anasema bei ya chumvi. Nilikaa chini kwa simenti.
Kambale anarudilia neno moja: "Mama, niliiua. Ilienda kufia pori."
Amekataa bugali. Nikamulisha.

Siku ya kwanza, tarehe 30
Vulamba, mutaa ya hapa Butembo, kwa binti yangu. Mvua. Kambale anatembea na fimbo, anafika mulangoni tu.
Muhindo amepiga simu. Ngulube iko kwa muhogo yangu, kovu mugongoni, imenona.
Kambale ameuliza ni nani alipiga simu. Nimesema ni mutu wa mbegu.
Siku utarudia kusoma hapa, mwanamuke, angalia kwanza ule muguu. Kama bado anashika fimbo, funga mudomo juu ya ile ngulube, asiifuate.