Gitaa la Odhiambo Linagonga

Alhamisi, 6 Machi

Nimefunga kibanda changu cha ufundi huko Jericho mapema. Redio tatu zimenishinda leo, na bado nimebeba koleo kuja kujitafutia kazi ya nne nyumbani. Gitaa la umeme la Odhiambo. Limening'inia kwenye msumari wake tangu nihamie humu chumbani mwake Kaloleni, miezi mitatu sasa, na sijaligusa. Jumamosi ya wiki ijayo ni ibada ya mwaka mmoja tangu ndugu yangu huyo afe. Itafanyiwa hapa uani, kwa spika mbili, na wazee wameamua mimi ndiye nitakayelipiga. Hawakuniuliza.

Nikalichomeka. Nikajaribu ule wimbo wa tenzi aliokuwa akiupenda. Gitaa likapiga mluzi kama birika. Nikalirudisha msumarini bila kuzima, niende kutafuta bisibisi. Saa kumi jioni hivi likagonga kwenye spika. Mara tatu. Kimya. Mara moja.

Nilikuwa upande wa pili wa chumba.

Ijumaa, 7 Machi

Waya mpya. Taa nimezima. Simu nimezima. Saa kumi: tatu, kimya, moja.

Si waya.

Jumapili, 9 Machi

Nimeazima amplifaya ya kanisa. Yaleyale. Kwa hiyo shida iko ndani ya gitaa lenyewe. Nimegonga pikapu zote mbili kwa penseli, zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba chini ya nyuzi. Ya mbele kimya. Ya nyuma inaita hadi dirisha linatetemeka. Ugonjwa nimeujua. Waya umelegea ndani, unatikisika, na pikapu imegeuka maikrofoni. Dawa yake ni kuichovya kwenye nta ya moto ili waya ushikane.

Hapo ningeacha. Lakini mimi nikainama nikasema "Odhiambo" juu ya nyuzi. Jina likatoka kwenye spika, jembamba, kama la mtu aliye ndani ya debe. Nikazima upesi. Naogopa, basi. Humu hakuna wa kunicheka.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetoa nyuzi zote sita. Gitaa bila nyuzi ni ubao tu. Saa kumi ubao umegonga. Tatu, kimya, moja.

Odhiambo alikuwa akitoka kiwandani saa tisa. Saa kumi ameshalichomeka. Nimekaa kitandani nikijiambia kila sauti ina chanzo, ndiyo kazi inayonilisha. Nikajikuta naomba chanzo kisipatikane.

Jumanne, 11 Machi

Mishumaa sita nyeupe. Sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa ya maji. Nta ikayeyuka vizuri. Nikafungua pikapu, nikaishika kwa nyaya zake juu ya sufuria.

Sikuweza. Nikiichovya atanyamaza. Nimeandika hivyo na sifuti. Pikapu nimeirudisha mahali pake. Nta imeganda.

Jumatano, 12 Machi

Jaribio ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama ningekuwa na akili. Nimelishusha gitaa, nikalilaza juu ya godoro katikati ya chumba. Saa kumi, kimya. Dakika mbili, kimya. Nikalirudisha msumarini. Likagonga papo hapo.

Nikaweka sikio ukutani. Ni ukuta. Nyumba zetu hizi ni pacha, tunagawana ukuta mmoja na jirani, na huko ng'ambo mtu anagonga polepole, sikio tupu halisikii mpaka ulibandike kwenye plasta. Pikapu mbovu ilikuwa inasikia kwa niaba yangu.

Nilikasirika. Nilikuwa nimeshaanza kuwa na ndugu tena.

Nikaenda kwa jirani. Mama Ciku alikuwa mlangoni anachambua mboga za sukuma. Nilipomweleza, kisu kikasimama. Akanivuta pembeni. Anayegonga ni mama yake, shosho, bibi kizee wa kiharusi, haongei, kitanda chake kimeegemea ukuta wetu. Miezi mitatu nimemsikia akikohoa nyuma ya pazia na sijawahi kuingia kumsalimia. Odhiambo alikuwa akimpigia tenzi kila jioni. Shosho akitaka wimbo, anagonga ukuta kwa fimbo. Tatu, halafu moja.

Na hajui kwamba Odhiambo alikufa.

"Tungemwambiaje, Ouma? Daktari alisema asishtuliwe. Tukasema Odhis amepata kazi Mombasa. Sasa venye ulianza kupiga hiyo gitaa, yeye anajua amerudi. Mpigie tu, tafadhali. Na hiyo ibada, si muipeleke Makongeni kama matanga?"

Kumbe ndiyo maana matanga tulikalia kwa mjomba Makongeni. Wazee walijua; mwaka umepita, wamesahau. Mimi nilidhani ni kwa sababu uani hapatoshi.

Njia ya mwongo ni fupi, tunasema, lakini hii imetembea mwaka mzima. Jumamosi spika zitaita jina la Odhiambo hatua chache kutoka kwenye mto anaolalia shosho. Habari ikimuua, nitakuwa nimemuua mimi. Nikihamisha ibada, nitakuwa mwongo kama wao. Sijui nifanye nini.

Alhamisi, 13 Machi

Nimerudisha nyuzi. Saa kumi akagonga. Nikapiga wimbo wa Odhiambo kama Odhiambo, pamoja na ule mkato wake wa kidole gumba kabla ya kiitikio. Nimeujua tangu utotoni. Niliupiga wote.

Nikangoja. Hakugonga. Niliogopa kuliko siku zile alipogonga. Nikaita ukutani, "Shosho?" Spika ikarudia, Shosho. Hakuna kitu. Nimehisi kama mtu aliyevaa nguo za marehemu akakutwa.

Ijumaa, 14 Machi

Mama Ciku amekuja asubuhi, macho mekundu. Jana, wimbo ulipofika katikati, shosho aliiweka fimbo chini. Akaonyesha sanduku hadi likafunguliwa. Akatoa kitambaa chake cheusi, kile alichomzikia mumewe, akataka afungwe kichwani. Alilia. Kisha akanywa uji.

Wimbo ulikuwa sawasawa. Mkono haukuwa wa Odhiambo, na gitaa lake asingemwachia mtu akiwa hai. Mwaka mzima watu wazima tumemzunguka kwa minong'ono, na yeye ameambiwa na kidole gumba changu.

Anataka kuja kesho. Ibada inabaki uani.

Nimewasha jiko. Nimeichovya pikapu. Vipovu vikapanda kimoja kimoja, hewa inatoka kwenye waya, kwa muda mrefu kuliko nilivyotazamia. Sikuondoa macho mpaka kikatoka cha mwisho. Nikaita jina la Odhiambo juu ya nyuzi. Spika kimya. Limepona.

Jumapili, 16 Machi

Jana ilikwenda salama. Shosho alikaa kwenye kiti mstari wa mbele. Gitaa halikupiga mluzi hata mara moja.

Leo nimeingia kumsalimia. Ameniashiria karatasi na kalamu, kisha akaelekeza kidole magharibi. Mama Ciku ndiye aliyeelewa: anataka kujua tulimlaza wapi. Nikamchorea njia ya kijijini kwetu. Barabara ya lami, kanisa, daraja, boma la baba, nyumba ya Odhiambo. Nilipofika kwenye kaburi kalamu ikasimama. Tuliahidi kulijenga kwa saruji na kuweka msalaba. Sijui kama tulijenga. Sijarudi tangu siku ile.

Nikaacha duara tupu. Shosho akalitazama, akanitazama mimi. Akasubiri.

Kibanda sitafungua kesho. Basi la kwenda nyumbani kijijini huondoka saa mbili asubuhi.