Mawe Kwenye Koti

Jumanne jioni

Mawe mawili, kila moja ukubwa wa kiazi. Yalikuwa kwenye mifuko ya koti la Mzee Kiplangat wa Kimulot. Singeyajua kama moja halingeanguka alipopanda mizani.

Alikuwa amesikia kwamba katika utafiti wetu wa kansa ya umio, aliyekonda sana hapasuliwi. Ni kweli. Bado tunapima kama majaribio ya upasuaji yanawezekana huku kwetu, na mtu aliyeisha hivyo anaweza kufia mezani. Mzee hata uji haumpiti tena kooni.

"Andika tu hivyo, sista," akaniambia. "Hata majani ya chai tunamwagianga maji kidogo yawe mazito, na karani wa kituo cha chai anaandika."

Nilimfokea mbele ya mke wake, kisha nikamtoa kwenye orodha. Akavaa koti lake polepole, akasema asante. Hiyo asante imenikaa kifuani tangu saa nne.

Nimempigia daktari wa upasuaji mara tatu, hashiki simu. Mama Chebet wa Sigor, mgonjwa mwingine wa utafiti, anapasuliwa kesho asubuhi. Nilimpima uzito mimi mwenyewe wiki jana, ile siku ya baridi, na sikumwambia avue koti.