Barua Chini ya Mguu wa Meza

4 Februari

Kwako Mama Chiriku,

Salamu tele, na nyingine juu yake. Natumaini barua hii inakukuta mzima na cherehani inaendelea kula vitambaa. Macho je? Zamani ulikuwa ukilalamika yanakuuma ukishona nguo nyeusi. Mimi nipo nipo tu. Bado natengeneza baiskeli palepale, ingawa mgongo nao siku hizi una maneno yake kila nikiinama.

Najua unashangaa. Miaka ishirini na mitatu kimya, leo karatasi. Simu nilipiga mara mbili, ukasikia sauti yangu ukakata, wala sikulaumu.

Huku hatuko vizuri. Kijana wangu wa nyumba hii ya pili, ana miaka kumi na tisa, figo zake zimekufa. Tunashinda hospitali kuliko nyumbani. Madaktari wametupima damu sote, na wameniambia jambo ambalo mkono unakataa kuliandika. Naomba ruhusa nije tuzungumze uso kwa uso. Na uniambie Chiriku wetu yuko wapi. Nimesikia ameolewa. Anaishi wapi? Afya yake ikoje? Nahitaji sana kumwona.

Nisalimie majirani wanaonikumbuka kwa wema, kama wapo.

Ni mimi,
Baba Chiriku


17 Februari

Kwako wewe,

Mimi mzima. Macho yanaona, hata ya mbali yanayaona.

Chiriku “wetu”? Wetu na nani? Nilipotoka kwako alikuwa na miaka miwili, mgongoni, cherehani kichwani, na shuka moja mkononi. Tulikuwa tumeshazika wavulana wawili, wa miaka mitano na wa miaka mitatu. Kuhara siku mbili, uso unavimba, mkojo mweusi kama chai ya rangi, halafu hakuna mkojo kabisa. Dada zako wakasema nina damu mbaya, nitakumalizia ukoo. Wewe ulikuwa unajaza tairi upepo. Hukuinua kichwa. Maneno yao nimeyasahau, ila ile pampu yako bado naisikia.

Sasa kijana wako anataka figo, ndiyo umekumbuka una binti! Mmepimwa damu, yuko wapi, afya yake ikoje. Unadhani mimi mtoto mdogo? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Chiriku yuko kwa mumewe, ana mimba ya miezi minne, anacheka na kuongea kutwa kama jina lake. Hapasuliwi na mtu.

Usije, usiandike. Meza ya cherehani yangu ina mguu mmoja mfupi. Barua yako nimeikunja nikaitia hapo, imekaa sawa. Ukileta nyingine itakwenda hukohuko bila kufunguliwa.

Mama wa watoto watatu, mmoja hai


26 Februari

Mama Chiriku,

Leo sikusalimu. Salamu ndizo zilizoniponza. Ana mimba! Nakusihi, soma hii, hata kama hutasoma nyingine maisha yako yote.

Sitaki figo ya mtu. Yake isingefaa hata angetaka kuitoa. Nilitaka kutoa yangu wakaikataa, na sababu ndiyo hii: damu mbaya ni yangu. Haikuwa yako hata siku moja.

Nikueleze kwa ufundi ninaoujua. Mwili una nguvu ya kupigana na vijidudu, na una breki za kuizuia nguvu hiyo isiuparamie mwili wenyewe. Maelekezo ya kuunda breki hizo mtu huyarithi, seti moja kwa mama na seti moja kwa baba. Daktari anayaita jeni. Seti yangu moja ina kasoro. Barabara ikiwa tambarare huwezi kujua. Mimi hapa nina miaka hamsini na minane, sijalazwa hata siku moja. Ukija mteremko, kuhara, homa kali, au uzazi, breki hazishiki. Ile nguvu inapasua chembe za damu na kuziba mishipa midogo ya figo. Ndivyo walivyokwenda wanetu. Kila mtoto wangu ni kama sarafu iliyorushwa: ama anayo, ama hana.

Chiriku apimwe sasa. Awaambie wanaomhudumia kwamba baba yake ana ugonjwa huu. Hatari kubwa ni baada ya kujifungua. Akivimba, akipauka, mkojo ukipungua, wasiseme ni uchovu wa uzazi. Ipo sindano inayozuia ikiwahi. Kwa kijana wangu ilichelewa, sasa anaishi kwa mashine. Nimetia humu karatasi ya daktari, jina la ugonjwa liko katikati.

Nilikuacha ubebe kosa langu. Niliwaogopa dada zangu. Sina sababu nyingine kubwa zaidi ya hiyo.

Baba Chiriku


11 Juni

Mama Chiriku,

Nimekuja nimekuta kufuli. Jirani yako anasema umekwenda kwa Chiriku, na kwamba ulimkataza kunielekeza. Nikamweleza habari ya ugonjwa. Akacheka, akasema, “Alituambia utakuja na hadithi za ugonjwa, kumbe unatafuta figo.” Nilimpigia magoti, mzee mzima. Akaona haya akaingia ndani.

Naisukuma hii chini ya mlango. Nje nimeandika kwa wino mwekundu: FUNGUA, NI KUHUSU MTOTO. Ile ya Februari ifungue pia. Lazima nirudi, kesho ni siku ya mashine.

Nitukane ukishaisoma. Isome tu kwanza.

Baba Chiriku


3 Septemba

Baba Chiriku,

Hujambo? Kijana anaendeleaje? Safari hii nauliza nikitaka jibu.

Chiriku alijifungua tarehe kumi na nne Julai, mtoto wa kike. Aliongea mpaka mkunga akamwambia, “Mama, nyamaza usukume.” Siku ya tatu akavimba uso. Wakasema ni uzazi. Siku ya nne nikauona mkojo kwenye beseni, nami ule mkojo naujua. Nikapiga kelele wodi nzima, nikawaambia kaka zake walikufa hivi hivi. Daktari akaniuliza, “Upande wa baba kuna ugonjwa wowote?” Nikamjibu baba yake ni fundi baiskeli, mzima kama chuma, hana hata mafua; kijana wako sikumtaja. Akaandika hivyo.

Alikaa siku tisa.

Juzi nilirudi kwenye kazi. Nikainua meza nifagie, nikazikuta barua zako, nikazifungua. Ile ya wino mwekundu niliiona siku niliyorudi kutoka kumzika Chiriku. Nilisoma “mtoto” nikasema, mtoto wake huyo. Nikaikunja mara nne ili iwe nene.

Miaka yote hii nimetaka mtu mmoja tu aniambie damu mbaya si yangu. Maneno hayo yalikuwa chini ya meza yangu tangu Machi, nakanyaga pedali juu yake na kuimba. Wewe ulinyamaza, mimi nikaziba masikio. Usiniandikie pole. Sijui nitaiweka wapi.

Mjukuu ana wiki saba, ninaye mimi. Tangu alfajiri amehara mara mbili. Nimeshamfunga mgongoni, nakwenda naye hospitali, na karatasi ya daktari wako ninayo. Lakini mguu wa meza umeitoboa katikati, palepale penye jina la ugonjwa. Pamebaki tundu. Nitawaambia breki. Watadhani nimechanganyikiwa.

Namba yako niliifuta. Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi. Ukiipata tu, piga simu. Nitapokea.

Mama wa watoto watatu