Kadi na Mtamba wa Mama

Ijumaa, Julai 2006. Mawingu tangu asubuhi, baridi ile ya Nairobi isiyo na mvua wala jua. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vimekufa ganzi.

Nimeshinda. Wacha nianze na hilo, maana nimengoja miaka miwili kuliandika hapa. Kampuni ya kadi imekubali kwamba haikuwahi kunidai kihalali hata shilingi moja.

Sihisi chochote.

Kwa anayepita kwenye blogu hii mara ya kwanza, mambo yalianza na mwavuli. Mwaka wa juzi mwanamke wa mauzo alikuja ofisini kwetu mjini na fomu za kadi za mkopo. Kila aliyejaza fomu alipewa mwavuli wa bure. Viatu vilikuwa vinamuuma, akavivua chini ya meza yangu, akaniambia amebakisha watu wawili tu afikishe idadi yake ya mwezi. Nikamwonea huruma, nikajaza. Mahali palipoandikwa jamaa wa karibu asiyeishi nawe, niliandika jina la Mama, Dagoretti, na nambari yake ya simu. Mwavuli nikauchukua. Kadi yenyewe sikuwahi kwenda kuichukua, sikuwa na haja nayo.

Mwavuli ulivunjika wiki ya pili. Kadi ilidumu.

Ilikuja kwanza ada ya mwaka, ya kadi iliyokuwa imelala kwenye droo yao. Kisha faini ya kuchelewa kulipa ada. Kisha riba juu ya faini. Kisha bima, sijui ya nini, labda kadi isishikwe na mafua humo ndani. Nikaandika barua. Nikapiga simu na kusikiliza muziki wao hadi salio likaisha. Kila niliyempata alinielekeza kwa mwingine. Mmoja akanishauri nilipe kwanza ndipo nilalamike, na hapo nikaapa kwamba sitoi hata ndururu. Wenzangu ofisini walinicheka wakasema dawa ya deni ni kulipa. Niliwajibu kwamba hili si deni, ni mwavuli.

Nilijivunia sana jibu hilo. Nilikuwa nalirudia hata mahali ambapo hakuna aliyeniuliza.

Basi leo saa tano nilienda kwenye ofisi zao, na barua yao ya kuomba radhi, iliyonifikia juzi, mkononi. Aliyenihudumia anaitwa Atieno, mwanamke wa rika langu, ana pete kidoleni na kitambaa cha kupengea kamasi. Alikuwa mwema kwangu, sina neno baya juu yake.

"Madam, charges zote tumetoa," akasema. "Hata sasa ni wewe unatudai."

Nikamuuliza ninawadaije, na mimi sijawahi kuwalipa.

"Kuna mtu alilipa. Cash, mwanzo wa mwezi huu."

Akatoa nakala ya fomu ya malipo aliyoijaza mlipaji, akanisogezea. Niliujua mwandiko kabla sijasoma jina. Herufi kubwa, zimesimama wima, kila moja imekandamizwa hadi karatasi inataka kutoboka. Ndivyo Mama anavyoandika kwenye daftari lake la maziwa. Alikuwa amelipa yote, pamoja na riba na bima.

Nilitoka nikasimama kwenye ngazi nikampigia.

"Mama, wewe ndiye ulilipa hiyo kadi?"

Nikasikia kuku wake, kisha akaniita mami, kama anavyoniita tangu utotoni.

"Walinipigia mara tatu, mami. Mwanaume mmoja anaongea kama wakili. Akasema watakuja wakushike kazini, mbele ya watu."

"Na hukuniambia?"

"Ungesema nisilipe."

"Pesa ulitoa wapi?"

"Si niliuza Kairu."

Kairu ni mtamba wake. Jumapili iliyopita nilikuwa huko, nikaona nafasi yake zizini ni tupu, nikauliza. Mama akaniambia amepelekwa kwa dume. Nikanywa chai, nikala mukimo, nikamsimulia jinsi ninavyowanyoosha watu wa kadi. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, vizuri mami, usikubali.

Ng'ombe wa Mama ni wawili tu, na yule mkubwa amezeeka, maziwa yake siku hizi hayajazi hata chupa tatu. Kairu ndiye angeshika zamu. Bila yeye, mwaka ujao Mama hana cha kuuza asubuhi, na hajui kazi nyingine, wala hataki kuja kukaa kwangu Kilimani kutazama kuta.

Nilitarajia nitalia pale kwenye ngazi. Sikulia. Nilisoma tangazo la kizima moto ukutani, lote.

Mama alikuwa bado anaongea. Aliyemnunua Kairu ni jirani, Baba Njoro, na amesema akirudishiwa pesa zake kabla ya Jumapili atamrudisha. Jumatatu anampeleka kwa ndugu yake, mbali huko Kinangop. Mama alinieleza hayo kwa sauti ya mtu asiyetaka kusumbua.

Nikarudi kwa Atieno nikamwambia nataka pesa za mama yangu.

"Refund ya cash ni siku arobaini na tano za kazi," akasema. Akaniangalia usoni, nadhani aliona kitu, kwa sababu akapunguza sauti. "Lakini ukichukua kadi yako leo, pesa iko ndani. Unaenda tu ATM."

Akafungua droo. Ilikuwa humo, kwenye bahasha yake, ina jina langu kwa herufi zilizoinuka, safi kabisa. Miaka miwili nimepigana na kitu hiki na sikuwahi kukiona. Ndani yake kulikuwa na mtamba wa Mama.

Akaniwekea fomu ya kupokea. Jina la Mama lilikuwa limeshachapishwa pale pa jamaa wa karibu, na nambari yake chini. Nikamwomba alifute.

"Hiyo haiwezi kuwa blank, system inakataa. Na ukiweka mtu mwingine lazima tumpigie kwanza tu-confirm. Hiyo sasa ni wiki ijayo."

Wiki ijayo Kairu atakuwa Kinangop. Nikatia sahihi chini ya jina la Mama.

Nilipouliza jinsi ya kuifunga kadi baada ya kutoa pesa, aliniambia niandike barua, niambatishe kitambulisho, nilipe ada ya mwaka. Ada ipi, na zote zimefutwa? Ya mwaka huu mpya, akasema, unaoanza leo kwa sababu umechukua kadi. Alisema hivyo huku akitazama meza. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, na mimi nilikuwa nimepandishwa na mwavuli.

Mashine ilinipa pesa kwa mafungu matatu, na kila fungu likamegwa ada yao. Pengo nimelijaza kwa hela za chakula cha mchana na za kukopa kwa mwenzangu ninayeishi naye, kwa kuwa mshahara bado. Sasa niko kwenye saiba, duka la intaneti lililo chini ya nyumba yetu, bahasha iko ndani ya sweta ya pili, na nimebakiza dakika kumi za kuandika.

Nimekuwa nikitafuta hasira tangu adhuhuri. Nilikuwa nayo nyingi, miaka miwili nzima, ilinipa hata usingizi. Leo sijui imekwenda wapi. Nikijaribu kuwachukia watu wa kadi namwona Atieno na kitambaa chake. Nikijaribu kumkasirikia Mama naona zile herufi. Ninayebaki ni mimi, nikisimulia ushujaa wangu Jumapili mbele ya zizi tupu.

Asubuhi nitapeleka bahasha Dagoretti. Kairu atarudi nyumbani, na hilo peke yake linatosha kunifanya nilale. Kisha nitaketi na Mama nimwambie kwamba yule mwanaume anaweza kupiga tena, kwa ajili ya ada hii mpya, na kwamba akiona nambari asiyoijua asishike.

Atakubali, ataniongezea chai. Lakini namjua. Mama hajawahi kuacha simu ilie bila kuishika. Husema, huenda ni wewe.