Siwezi Kutabasamu, Wakwe Wamekasirika

Mpendwa Mshauri, nisaidie haraka, uso wangu umeganda pande zote mbili na posa yangu karibu ivunjike. Naitwa Nabwire, mpiga taipu hapa Kakamega, na mkubwa wangu mpya aliyerithi kiti cha Mzungu baada ya Uhuru anadhani namnunia, lakini hilo naliweza, shida ni Jumapili, wazazi wa mchumba wangu Barasa walipotoka Kabras kuja kuniona, tukawachinjia ingokho, kuku wa wageni, mama yake akauliza, "Binti, unaitwa nani?" nikajibu "Na-wire" maana midomo haikutani, chai ikanichuruzika kidevuni, baba yake akatoa mzaha wote wakacheka ila mimi nikamkodolea macho kama bundi, kwani hayafumbiki hata nikilala, basi mama akainuka, "Huyu anatudharau, twendeni," na Barasa akawafuata bila kuniaga. Shangazi Khalayi anasema nimerogwa, nikachanjwe chale kwa mganga Malava. Kabla uso haujaganda niliharisha na kushikwa na homa, nikapona, sasa miguu ina ganzi na ngazi za ofisi zinanichosha, lakini hayo ni madogo, nitamrudishaje Barasa?

Nabwire,

Pole, mwanangu. Kwa bundi nilicheka, lakini nilipofika kwenye ganzi kicheko kikakatika. Barasa umempa ukurasa, miguu mstari mmoja! Jibu hili mtu wetu wa Kakamega atakuletea kwa baiskeli, maana gazeti litachelewa.

Hujarogwa. Nimemwuliza daktari. Uso kupooza upande mmoja ni jambo la kawaida. Pande zote mbili ni nadra, na lazima chanzo kitafutwe: ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaofuata homa au kuhara, ukoma, kaswende, kisukari, hata uvimbe kichwani. Kila kimoja kina matibabu yake. Wako unafanana na wa kwanza, nao unaweza kupanda kutoka miguuni hadi kifuani ukazuia pumzi. Wengi hupona, uso ukarudi polepole, ila wakiangaliwa hospitalini, si kwa wembe.

Kwa hiyo nenda leo, usingoje Jumatatu. Mweleze daktari kuhara, homa na ganzi; usianze na Barasa. Ukilala, shusha kope kwa kidole kisha ufunike macho kwa kitambaa safi, yasikauke. Kunywa kidogo kidogo usipaliwe. Shangazi akubebee nguo, hiyo ndiyo safari yake.

Barasa mpelekee ujumbe mmoja tu: uko wodi gani. Akija, aje na mama yake, daktari awaeleze wote wawili. Asipokuja, mwache huko huko Kabras, wewe pona.

Bi Beldina